Asiyekuja Hufuatwa: Kazi ya Daktari wa Akili Don Mills na Somo Letu Sisi wa Ghuba



Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, nilitoka Maskati nikaenda Toronto, Kanada, kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili. Nilikaa kwake mtaa wa Don Mills wiki sita. Mimi ni karani mstaafu, umri umeshapita miaka 70. Nilisoma skuli ya misheni Unguja, nikamalizia kazi Maskati. Udaktari siujui. Lakini karani anajua kitu kimoja, nacho ni faili, na jambo lililonifanya nishike kalamu leo linahusu faili.

Katika ofisi nyingi nilizozijua, mtu akipewa tarehe asije, karani huandika "hakuja" na faili hurudi kabatini. Asipokuja mara ya tatu, faili hufungwa. Katika kazi ya mpwa wangu ni kinyume chake. Mgonjwa asipokuja, siku hiyo ndiyo faili lake huwekwa juu ya mengine yote, na mtu hutoka ofisini kwenda kugonga mlango wake. Nataka kueleza kazi hiyo inavyokwenda, wapi inapungua, na kwa nini inatuhusu sisi tulioko Maskati, Dubai, Doha na Kuwait.

Kwanza niseme wazi: mpwa wangu hakunitajia jina la mgonjwa hata mmoja, wala kisa cha mgonjwa hata mmoja. Nilipouliza alinijibu, "Mjomba, niulize kazi, usiniulize watu." Kwa hivyo haya ni maelezo ya kazi.

Mtaa wenyewe

Don Mills ilijengwa miaka ya 1950 na tajiri aitwaye E. P. Taylor, kwa mpango uliopangwa tangu mwanzo: nyumba, skuli, maduka na viwanda vyote mahali pamoja. Ukiteremka na barabara ya Don Mills kwenda kusini unafika Flemingdon Park, na jirani yake ni Thorncliffe Park. Huko ni maghorofa marefu, na ndiko wageni wengi hufikia kwanza wanapoingia Toronto.

Wageni hao baadhi yao ni watu wetu. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na Kanada ikapokea zaidi ya 6,000 kabla ya mwaka kwisha. Baadaye wakafuata wengine kutoka Tanzania na Kenya. Katika barabara ya Wynford, hapo hapo Don Mills, Maismaili wamejenga kituo chao na Jumba la Makumbusho la Aga Khan, vyote vilivyofunguliwa mwaka 2014. Siku moja ndani ya basi nambari 25 niliwasikia bibi wawili wakizungumza Kiswahili cha Kampala kilichochanganyika na Kigujarati. Niliwaamkia, wakanishika mkono kama ndugu aliyepotea.

Sote tunaosoma ukurasa huu tunajua maana ya kuhama kwa ghafla. Waliotoka Unguja 1964 wanajua, na waliotoka Kampala 1972 wanajua. Mtu huja na begi moja, na mengine aliyoyabeba hayaonekani.

Kutoka hospitali hadi mlangoni

Toronto ilifungua hospitali yake ya wagonjwa wa akili mwaka 1850, barabara ya Queen, nyumba nambari 999. Nambari hiyo ikawa tusi. Mtoto mtukutu aliambiwa atapelekwa 999, kama sisi Unguja tulivyotishana na Kidongo Chekundu, na watu wa Nairobi na Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910. Mwaka 1979 wakaona bora waibadilishe nambari yenyewe, ikawa 1001, ili mgonjwa aweze kuandika anwani yake bila ya aibu. Siku hizi hapo pana kituo kikubwa cha matibabu ya akili na uraibu.

Miaka ya 1950 zilipatikana dawa za kutuliza maradhi haya, na serikali zikaanza kuzipunguza hospitali. Kanada ilikuwa na vitanda vya wagonjwa wa akili takriban 48,000 mwaka 1960. Ilipofika 1976 vilibaki kama 15,000. Fikra ilikuwa njema, kwamba watu warudi kwao waishi kama wenzao. Lakini wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Walipewa chupa ya dawa na tarehe ya kuonana na daktari, na wasipokuja, karani aliandika "hakuja". Wengine wakaishia barabarani, wengine jela.

Katika mji wa Madison, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wachache wakaona kwamba kama mgonjwa haji kwenye hospitali, basi hospitali imwendee mgonjwa. Wakaunda kikundi cha wataalamu wanaotembea. Ontario ikaufuata mpango huo kwa upana mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika kikundi cha namna hiyo ndimo anamofanya kazi mpwa wangu.

Siku ya daktari

Huamka kabla ya jua. Mwisho wa Oktoba kule jua halichomozi mpaka karibu saa mbili kasorobo asubuhi. Husali, hunywa chai ya maziwa yenye iliki, huchukua mkate wa chakula cha mchana, hutoka.

Hafanyi kazi peke yake. Kikundi chao kina wauguzi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mtaalamu wa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli za kila siku, mtaalamu wa kumtafutia kazi, na anayeshughulikia ulevi na madawa ya kulevya. Pia yumo mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuugua, akapata nafuu, na sasa analipwa mshahara kuwasaidia wenzake. Hesabu yao ni mfanyakazi mmoja kwa wagonjwa wapatao kumi.

Kila asubuhi hukaa pamoja na orodha ya wagonjwa ikasomwa jina kwa jina. Nani kaonwa jana? Nani hakufungua mlango? Sindano ya nani imefika tarehe yake? Nani anakwenda kwa nani leo? Jina halirukwi hata kama mgonjwa hana tatizo lolote siku hiyo. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka rejista ya skuli, padri akituita asubuhi mmoja mmoja, na asiyeitika hutumwa mtu nyumbani kwao akaulize kulikoni.

Baada ya hapo hutoka. Hupanda ghorofa ya kumi, ya kumi na tano, mara nyengine lifti mbovu. Hugonga na kusubiri. Akifunguliwa, haanzi na maswali ya maradhi. Hutazama kama friji ina chakula, kama dirisha linafungika, kama mgonjwa ana viatu vya barafu. Huuliza usingizi. Ndipo hutazama mikono kama inatetemeka, maana dawa nyengine huleta hayo, na huzungumzia dozi. Wengine huchomwa sindano moja ya mwezi badala ya vidonge vya kila siku, kwani vidonge husahauliwa na vyengine hutupwa.

Iko dawa inayoitwa klozapini, kwa wale ambao dawa nyengine hazikuwafaa. Huweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hivyo mgonjwa lazima apimwe damu kila wiki kwa miezi sita ya mwanzo, kisha kila wiki mbili, na baada ya mwaka kila wiki nne. Fikirini, ndugu zangu: mtu anayesikia sauti zinazomwambia asitoke nje, nani atamkumbusha Jumanne ni siku ya damu? Kikundi ndicho kinachomkumbusha, na pengine humpeleka kwa gari.

Chakula cha mchana hula garini. Alasiri ni makaratasi: fomu za mpango wa jimbo wa kuwasaidia wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya maradhi, na barua kwa mwenye nyumba anayetaka kumfukuza mpangaji. Nilimwambia kazi hiyo ni ya karani. Akacheka, akasema, "Mjomba, mgonjwa akikosa nyumba, dawa yangu haina pa kukaa."

Na ipo kazi ya lugha. Mzee wa kwetu hasemi "nina sonona". Husema moyo mzito, mawazo mengi, mwili unamuwaka moto, roho haitulii. Daktari asiyejua Kiswahili atapima moyo kwa mashine, aambiwe moyo mzima, amrudishe mgonjwa nyumbani. Wapo pia wazee ambao maradhi ya usahaulifu huwafuta Kiingereza walichojifunza ukubwani, wakabaki na lugha ya utotoni peke yake. Kwa hao daktari anayejua kusema "shikamoo" amekwisha kufungua nusu ya mlango.

Pale mgonjwa anapokataa

Swali gumu ni hili: kama hataki? Sheria ya Ontario inamruhusu daktari kujaza karatasi iitwayo Fomu 1, ambayo kwayo mtu anayeonekana kuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wengine huweza kuwekwa hospitali hadi saa 72 achunguzwe. Tangu Disemba 2000 ipo pia amri ya matibabu ya nje ya hospitali, ya miezi sita, kwa mgonjwa anayeingia na kutoka hospitali kila mara anapoacha dawa. Watu huiita Sheria ya Brian, kwa jina la Brian Smith, mtangazaji wa michezo aliyeuawa kwa risasi mjini Ottawa mwaka 1995 na mtu aliyekuwa mgonjwa. Mpaka leo wapo wanaosema sheria hiyo inaokoa maisha, na wapo wanaosema inamnyima mtu uhuru wake. Mpwa wangu hutia saini karatasi hizo inapobidi, na anasema siku hizo halali vizuri.

Jengine ni polisi. Zamani mtu akipandwa na maradhi barabarani, waliokuja ni polisi wenye bastola, na mara nyengine mambo yaliishia vibaya. Toronto ilianza mwaka 2022 kupeleka vikundi vya wafanyakazi wa afya badala ya polisi kwa kupiga simu 211, na mwaka 2024 huduma hiyo ikaenea mji mzima. Nchi nzima nayo ina nambari 9-8-8 tangu Novemba 2023, kwa mtu anayefikiria kujiua, usiku na mchana. Lakini lugha zake ni Kiingereza na Kifaransa.

Wapi panapungua

Nisije nikawapa wasomaji picha ya pepo. Watu husubiri miezi kabla ya kuonana na mtaalamu. Bima ya jimbo hulipa madaktari, lakini mshauri nasaha wa ofisi binafsi mtu humlipa kwa mfuko wake. Na wako madaktari waliosoma kwao vizuri, wakafika Kanada, wakakuta mitihani na kisha nafasi chache za mafunzo ya hospitali, ambayo kwa daktari wa akili ni miaka mitano. Wapo wanaokata tamaa wakashika kazi nyengine, na huku wagonjwa wanangoja.

Lakini upungufu mkubwa nilioupata mimi si wa serikali. Wagonjwa wengi wa kule wanaishi peke yao. Kikundi kinakuja, kinakaa nusu saa au saa nzima, kinaondoka, na mlango unafungwa. Saa kumi na moja jioni jua limeshazama, nje barafu. Hakuna wa kumuuliza, "Umekula?" Mpwa wangu aliniambia kwamba kwa wagonjwa wengine sauti ya kikundi chao ndiyo sauti pekee ya binadamu wanayoisikia wiki nzima.

Nikamwambia kwa fahari: sisi kwetu hilo hatuna, nyumba zetu zimejaa watu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na mjomba wangu je? Alipoacha kwenda hospitali, nani alimfuata?"

Kadi ya kliniki

Anayemuuliza ni mdogo wangu. Sijapata kumwandika popote, na nimefikiri sana kabla ya kumwandika hapa. Alianza kuugua Maskati miaka ya 1980, akiwa na umri wa miaka 24. Alisema redio inamtaja jina. Tulimwita mwalimu akamsomea, akanywa kombe, akafanyiwa zinguo. Sikatai kisomo, na mpaka leo nasoma. Kisha tukampeleka kwa daktari, akapewa dawa, na baada ya miezi michache alikuwa akienda sokoni mwenyewe na akicheka kama zamani.

Ndipo ikaja posa ya mmoja wa dada zetu. Tukaogopa wakwe wasije wakajua. Chupa za dawa zikaondolewa kabatini, safari za kliniki zikakatwa, na tukajiambia ameshapona. Yalipomrudi, tulimsafirisha Unguja kwa jamaa "akapumzike", akakaa chumba cha uani miaka mingi, mlango ukifungwa kwa nje wageni wakija. Alifariki humo. Nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja.

Kadi yake ya kliniki ninayo. Ina tarehe tano zilizopigwa muhuri, na baada ya hapo mistari mitupu. Hospitali haikukosa, ilimpa tarehe. Sisi ndio tulioandika "hakuja".

Kwa nini ninawaambia haya leo

Kwa sababu mambo yanabadilika, na sisi tusibaki nyuma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa na maradhi ya akili ya aina fulani. Hakuna ukoo uliosalimika. Falme za Kiarabu zimetunga sheria mpya ya afya ya akili, nambari 10 ya mwaka 2023, inayolinda siri na haki za mgonjwa, mahali pa sheria ya zamani ya 1981. Oman ina Hospitali ya Al Masarra, iliyochukua nafasi ya Ibn Sina mwaka 2013. Kenya, mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba; huyo ni wa kutibiwa, si wa kufungwa.

Dini nayo haikutukataza. Tumeamrishwa tujitibu. Waislamu wa zamani walikuwa na hospitali zilizopokea wagonjwa wa akili, kama ile ya Sultani Qalawun iliyojengwa Kairo mwaka 1284. Aliyetufundisha kuficha ni hofu ya watu, na hofu ya watu si dini.

Kanada wana kikundi kinachofuata lakini hawana nyumba yenye watu. Sisi tunayo nyumba yenye watu, lakini watu wale wale ndio wanaofunga mlango. Kwa hivyo ninashauri mambo manne, kama karani anavyoorodhesha.

Kwanza, kila mgonjwa awe na mtu mmoja wa nyumbani anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye kadi yake. Kazi ya watu wote ni kazi isiyokuwa na mtu. Huyo ajue tarehe, ajue dozi, na mgonjwa akikataa kwenda, yeye ndiye wa kumpigia simu daktari.

Pili, akipata nafuu msiondoe dawa. Nafuu ni kazi ya dawa. Anayepunguza ni daktari, si shangazi wala mimi.

Tatu, kisomo na hospitali viende pamoja. Mwalimu anayekwambia uache vidonge, mshukuru, umsindikize hadi mlangoni, na vidonge viendelee.

Nne, msimsafirishe mgonjwa kwenda kufichwa. Anayepelekwa Unguja, Mombasa au Tanga kwa sababu harusi imekaribia hapumzishwi, anatupwa. Wakwe watakaoikimbia nyumba kwa sababu ina mgonjwa wangeikimbia kwa jengine.

Siku ya kuondoka, mpwa wangu alinipeleka uwanja wa ndege asubuhi mapema. Njiani simu yake ililia: kuna mlango haukufunguliwa tangu jana. Alinishusha, akanibusu mkono, akageuza gari. Nilipofika Maskati nilimpigia kumuuliza kama ule mlango ulifunguliwa. Akanijibu, "Ulifunguliwa, Mjomba, mara ya tatu."

Katika nyumba zenu, ndugu wasomaji, kama yupo aliyeacha kuonekana kwenye mikusanyiko, na mkiuliza mnaambiwa "hajambo, amelala", nendeni mkagonge. Na wasipofungua, rudini tena.

Wabillahi tawfiq.